Zamu ya Upendo

Saa moja na robo asubuhi, Jumanne ya pili ya mwezi wa nane, dereva Simoni aliegesha lori lake la saruji pembeni mwa barabara ya Iringa, pale Mikumi, akanawa mikono kwenye ndoo yenye koki, akaketi kwenye benchi analokalia kila wiki akielekea Tunduma, akasema, "Mama Upendo, chapati mbili na chai ya maziwa."

Gaudiosa alikuwa anageuza chapati. Aliiacha juu ya chuma mpaka ikaungua upande mmoja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu afungue kibanda. Kisha akampa Simoni mbili nzuri kutoka kwenye hotpoti, akamimina chai, na ile iliyoungua akaila mwenyewe, amesimama.

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu aliitwa Mama Evance. Jina hilo lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ubao juu ya kibanda, na Simoni mwenyewe alikuwa amelitamka labda mara mia tatu. Mtu wa benchi la pili alimuuliza kwa nini leo ameamua kumbatiza upya mama wa watu. Simoni akajibu kwamba alikusudia kusema Mama Evance, ila mdomo umesema vingine, na yeye ana safari ndefu, hana muda wa kubishana na mdomo.

Kufikia saa sita mchana kila aliyefika alikuwa amesema hivyo hivyo. Muuza vitunguu alisema Mama Upendo. Askari wa barabarani aliyekuja kunywa supu alisema Mama Upendo. Mudi, dereva wa bodaboda, aliposikia habari hiyo alikuja makusudi kujaribu. Alikaza shingo, akavuta pumzi, akasema, "Mama E… Mama E… Mama Upendo," mara tatu, kisha akakata tamaa akaagiza wali maharage. Jumapili iliyofuata, kwenye jumuiya, Monica aliyekuwa akiongoza rozari alitangaza kwamba tendo la tatu litaongozwa na Mama Upendo, na wanajumuiya wakageukia upande wa Gaudiosa bila kuulizana. Siku ya Jumatatu Alfred, mwandika mabango, aliitwa aurudie ule ubao kwa sababu rangi ilikuwa imefifia. Aliandika MAMA, akaandika UPENDO, akashuka kwenye ngazi akatazama. Alisema herufi zimekaa vizuri na hatazifuta.

Hakuna aliyeshangaa sana. Mikumi tembo huvuka lami saa wanayotaka wao, na watu wake wamezoea kusimama pembeni mpaka kitu kipite. Walisubiri na hili lipite. Halikupita.

Aliyesumbuka ni Evance, na si kwa sababu ya kunyang'anywa jina. Alisumbuka kwa sababu aliona uso wa mama yake ile asubuhi, wakati chapati inaungua, na uso ule haukuwa wa mtu aliyeitwa jina geni. Ulikuwa wa mtu aliyeitwa jina lake.

Evance alikuwa na kibanda chake ubavuni mwa kile cha mama, cha kutengeneza simu na kusajili laini. Alikuwa amerudi mwezi wa tatu kutoka Kisumu, alikokuwa mmisionari kwa miaka miwili, na shati jeupe na tai na beji nyeusi kifuani iliyosema MZEE LUPAKISYO. Katika kanisa lake, la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kijana akienda misheni huitwa Mzee hata kama ndevu hazijaota, na huko hakuna anayecheka. Mikumi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mudi, anayemzidi miaka mitano, humwinamia kila asubuhi na kusema, "Shikamoo, Mzee." Evance hajamwitikia marahaba hata siku moja. Anasema hilo si la kufanyia mchezo.

Isitoshe, kanisa hilo linawakataza watu wake chai, naye ni mtoto wa muuza chai. Kila asubuhi huwamiminia madereva vikombe vyao, na cha kwake hujaza maji ya moto yenye tangawizi. Madereva humuuliza amejifungua lini. Gaudiosa, ambaye ni Mkatoliki wa kuzaliwa na hana mpango wa kuhama, aliwahi kusema kwamba dini inayomkataza mtoto kunywa chai ya mama yake ina lake jambo. Baada ya hapo akanyamaza, kwa sababu mtoto alirudi kutoka Kisumu anaosha vyombo bila kuambiwa.

Jioni ya ile Jumatatu, Alfred alipoondoka na ngazi yake, mama na mwana walikuwa wanasugua masufuria kwa majivu.

"Mama," Evance alisema, "Upendo ni nani?"

Gaudiosa aliendelea kusugua.

"Hilo jina sijawahi kumwambia mtu," alisema. "Hata marehemu baba yako hakulijua. Kwa hiyo usiniulize wamelitoa wapi."

"Sikuulizi wamelitoa wapi. Nakuuliza ni nani."

Ndipo akamwambia. Kabla yake kulikuwa na mtoto wa kike. Wakati huo walikuwa wanalima kijijini Masanze, yeye na mumewe Lupakisyo, na alijifungulia katika kituo kimoja cha afya ambacho siku hizi kimefungwa, paa lake limeng'olewa na popo ndio wagonjwa waliolazwa. Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili na moja, saa kumi za jioni. Mtoto alitoka, na yeye akamsikia akilia. Mara tatu. Kisha nesi akambeba nyuma ya pazia, na aliporudi alisema, "Pole, mama. Hakulia."

"Nikamwambia, nesi, mbona nimemsikia? Akaniambia ni uchungu huo, mama, uchungu unasikilizisha watu vitu."

Mtoto ambaye hakulia huko kwao hana msiba. Hakuna turubai, hakuna mkeka, wanaume hawaitwi. Wanawake wanne walimchukua wakamzika kabla jua halijazama, nyuma ya mihogo, na mmoja akamwonya mama asilie kwa sauti, atazuia watoto wengine wasije. Hakupewa jina, kwa kuwa jina hupewa aliyelia. Gaudiosa alimpa moyoni. Alikuwa na kitenge kimoja kipya. Alikichana katikati, nusu akamfunga nayo mtoto na nusu akabaki nayo.

Alipofika hapo Evance alikuwa ameacha kusugua.

"Kitenge cha kijani," alisema. "Chenye tausi."

Gaudiosa alimtazama. Halafu aliinuka, akanawa mikono, akaingia ndani, akarudi na kipande cha kitenge cha kijani chenye tausi, kimechanika upande mmoja na nyuzi zinaning'inia. Akakiweka juu ya meza, akakaa.

"Haya," alisema. "Sema na wewe."

Jambo hili Evance alikuwa nalo tangu akili yake ilipoanza kushika vitu, na kwa muda mrefu alidhani kila mtu analo. Alikumbuka mahali fulani kabla ya kuzaliwa. Pakoje? Palifanana na kibaraza asubuhi na mapema, kabla jua halijachagua upande. Watu wengi walikuwa wamesimama foleni, watulivu, kama akina mama siku ya kliniki. Mbele kulikuwa na pazia, na kando ya pazia meza, na mezani mtu anaandika kwenye kitabu kikubwa. Mbele yake Evance alisimama msichana mcheshi, aliyekuwa akigeuka nyuma kila mara kumsemesha. Walikuwa wamepatana. Yeye angetangulia kwa sababu ni mkubwa, na Evance angefuata, wawe dada na kaka katika nyumba moja. Alimwambia, "Nikifika nitamzoesha mama kelele, wewe ukija usipate shida." Zamu yake ilipofika akapita kwenye pazia huku anacheka.

Hakukaa. Alirudi nywele zimelowa, amefungwa kitenge cha kijani chenye tausi. Akaenda mezani. Mwandishi akapekua kitabu, akamwambia kwamba kitabu cha huku kinafuata cha kule, na cha kule kinasema hakufika. Kwa hiyo kwenye orodha ya waliokwisha kwenda hayumo. Na kwenye foleni hawezi kurudi, kwa sababu zamu yake amekwisha kuitumia. Akaambiwa asimame pembeni kidogo, wakirekebisha ataitwa. Akamtazama Evance, akasema, "Basi nenda wewe." Evance akaenda.

Alipokuwa kidato cha nne Morogoro, wamisionari wawili walimfundisha kwamba kila mtu aliishi na Baba wa Mbinguni kabla ya kuja duniani, akachagua kuja, na anapozaliwa pazia hushushwa nyuma yake ili asahau. Wengine hupokea fundisho hilo kwa mshangao. Evance aliuliza kama na wao walikaa sana kwenye foleni. Wamisionari walitazamana. Mmoja alisema kwamba habari za foleni hajazisoma, lakini si vibaya kuomba kuhusu hilo. Evance alibatizwa baada ya wiki sita, na hakuna aliyemshawishi. Alikuwa amewakuta watu wa kwanza duniani wanaojua alikotoka, hata kama hawakumbuki vizuri.

"Kwa hiyo alilia," alisema Gaudiosa.

"Alilia, mama. Angekuwa hakufika asingerudi na kitenge."

"Na bado amesimama?"

"Mpaka leo."

Gaudiosa alikunja kile kitenge mara mbili, mara nne, akakiweka kwenye titi, ndani ya blauzi, mahali anapoweka simu.

Kesho yake Evance alimpigia simu rais wa tawi la kanisa lake huko Morogoro, Ndugu Gabrieli, mwalimu wa hesabu na mtu mpole. Alimuuliza kuhusu kupeleka jina la dada yake hekaluni. Ndugu Gabrieli alimweleza jambo ambalo Evance alilijua tayari: mtoto aliyezaliwa mfu huandikwa tu katika ukoo, ila aliyeishi hata dakika moja anaweza kuunganishwa na wazazi wake milele. "Na kwetu neno la mama linatosha, Ndugu Lupakisyo," alisema. "Huhitaji karatasi."

"Kwenye meza halikutosha, rais. Nilikuwepo."

Ndugu Gabrieli akasema Bwana anajua kuhesabu kuliko yeye na yule mwandishi. Evance alishukuru. Lakini katika simu yake, kwenye ukurasa wa ukoo, alikuwa ameandika Upendo Lupakisyo, akafika penye nafasi ya kuonyesha kama mtoto alizaliwa hai, na kidole kikakataa. Hakuogopa kudanganya, maana alijua haikuwa uongo. Aliogopa kuandika kitu huku ambacho kule hakisomeki. Zaidi ya hapo kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia hata Ndugu Gabrieli: aliona aibu. Miaka ishirini na miwili ameitwa kifungua mimba, mama ameitwa kwa jina lake, na wakati wote huo mwenye nafasi amesimama pembeni na nywele zinamtiririka maji.

Alhamisi wakafunga vibanda, wakapanda basi la kwenda Kilosa. Gaudiosa alivaa gauni la Pasaka. Walipopita Masanze alitazama upande wa pili wa barabara, ule usio na mihogo.

Vitabu vya kile kituo kilichofungwa vilikuwa vimehamishiwa katika ofisi moja ya kumbukumbu mjini, yenye baraza ndefu ambapo akina mama hukaa na watoto wakisubiri vyeti vya kuzaliwa. Dada wa mapokezi aliitwa Loveth. Alikuwa na kucha za rangi na adabu nyingi.

"Shikamoo, Mama Upendo," alisema, ingawa hawakuwa wamejitambulisha.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya mtoto wangu."

Loveth aliandika mwaka na mwezi kwenye karatasi, akaenda stoo, akarudi na kitabu kikubwa kilichofungwa kwa kamba ya katani. Alikipangusa vumbi, akafungua kamba, akapekua taratibu, Januari, Februari. Alipofika Machi, ukurasa wa pili, kitabu kikalia.

Kililia mara tatu, sauti nyembamba yenye hasira, ya mtu aliyetolewa mahali pa joto. Watoto wote barazani walinyamaza kusikiliza. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisinzia alifungua kifungo cha blauzi kabla hajafungua macho. Gaudiosa, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, alisikia kifua kinajaa, na maziwa yakalowesha gauni la Pasaka pande zote mbili. Hakujifunika. Alisema tu, "Ndiye huyo."

"Ndiye," alikubali Loveth. "Mstari wa nane. Mama: Gaudiosa Lupakisyo. Jinsi: ke. Hali ya mtoto: mfu. Maelezo: hakulia."

"Lakini amelia sasa hivi," alisema Evance. "Umemsikia."

"Nimemsikia, kaka. Hiki ndivyo kilivyo, na afadhali hiki. Cha mwaka tisini na nane hatukifungui kabisa siku za kliniki." Aliweka rula chini ya mstari wa nane asije akaupoteza. "Sisi hapa tunanakili kilichoandikwa. Kinachosikika hakina safu."

"Kinarekebishwaje?"

"Kwa barua ya aliyeandika. Akisema alikosea, tunapiga mstari, tunaandika juu, tunagonga muhuri. Kazi ya dakika mbili." Akageuza kitabu awaonyeshe saini. "Nesi Sesilia. Yupo. Anakaa nyuma ya stesheni ya zamani, nyumba yenye mlango wa kijani."

Alifunga kitabu na barazani watoto wakaendelea na kelele zao.

Nesi Sesilia alikuwa mwanamke mzito, mstaafu, anayetembea kwa kushika ukuta. Masikioni alikuwa na pamba, safi, iliyosokotwa kitaalamu. Aliwakaribisha viti, akamtazama Gaudiosa kifuani, kwenye gauni lililokuwa bado bichi, akaenda kumletea khanga ajifunge. Evance alimwamkia shikamoo kwa sauti ya juu. Akaitikia.

"Usipige kelele, baba, nasikia vizuri," alisema. "Pamba hii si ya uziwi. Nabadilisha kila asubuhi tangu mwaka elfu mbili na moja. Karibu, Mama Upendo. Nimekusubiri sana, na nilikuwa naomba usije."

Gaudiosa alijifunga khanga. "Alilia?"

"Alilia. Mara tatu."

Alilisema hivyo hivyo, na Gaudiosa akafumba macho, akabaki ameyafumba kwa muda. Kwa miaka ishirini na minne alikuwa ameambiwa kwamba masikio yake yanadanganya. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Nesi Sesilia aliendelea. Zamu ilikuwa yake peke yake, na wazazi watano wodini. Mtoto alilia, kisha akaanza kugeuka bluu mdomoni. Mtungi wa hewa ulikuwepo, lakini umefungiwa, na ufunguo uko mfukoni kwa mkubwa wa kituo, na mkubwa wa kituo amechukua gari kwenda harusini. Alimpulizia mtoto kwa mdomo mpaka jua likageuka. Mkubwa aliporudi alimweleza. Mtoto aliyelia halafu akafa, taarifa yake ni kurasa tatu, na wanakuja watu kuuliza ufunguo ulikuwa wapi. Asiyelia ni mstari mmoja.

"Akaniambia, Sesilia, andika mstari mmoja. Nikaandika."

"Basi tuandikie barua, bibi," alisema Evance. Alikuwa tayari ametoa kalamu. "Hata hiyo iwe mstari mmoja."

Nesi Sesilia aliitazama ile kalamu.

"Kusema nimesema," alisema, "na mkitaka nitasema tena mbele ya padri. Kuandika siandiki."

"Kwa nini? Huyo mkubwa bado yupo?"

"Alishakufa, na matanga yake yalijaa watu. Si yeye." Alinyoosha kidole kuelekea mlango wa kijani, kwenye ngazi za nje. "Ni hao, watoto wa mstari mmoja. Wa kwako alikuwa wa nne, Mama Upendo. Mpaka nastaafu walifika kumi na mmoja. Wanasimama hapo ngazini kila jioni, wapole tu, hawanisumbui, wanalia mara tatu tatu na kunyamaza. Nikimwandikia mmoja, wale kumi watajua kumbe naweza kuandika. Mkono wangu huu hautoshi."

"Wangu yupo ngazini?" aliuliza Gaudiosa.

"Alikuwepo. Ameondoka mwezi huu. Nikajua ama amekuja kwako, ama wewe unakuja kwangu."

Evance aliomba tena. Aliomba kwa upole kama walivyomfundisha misheni, kisha akaomba bila upole. Alisema, "Wewe ulimwona hai, mimi nilimwona anarudi, sasa nani mwingine atakayesema?" Nesi Sesilia alitikisa kichwa, na machozi yalikuwa yanalowesha pamba yake, ikabidi aibadilishe kabla ya wakati. Gaudiosa ndiye aliyeinuka kwanza. Alirudisha khanga, akaaga. Walipotoka alishuka zile ngazi polepole akikanyaga pembeni kabisa, ameshika mkono wa mwanawe, na akasema "jamani, hodi" kwa watu asiowaona.

Waliporudi ofisini bila barua, Loveth alisikitika, na alisikitika kweli. Alisema asingependa wamsafirie kutoka Mikumi waondoke mikono mitupu, kwa hiyo atawapa jibu rasmi. Alichapa kwenye kompyuta, akagonga muhuri, akawasomea kwa sauti ili wahakiki kama kuna kosa.

"Ndugu Mama Upendo. Ofisi imepitia kumbukumbu zake na inathibitisha kwamba hukuwahi kupata mtoto hai kwa jina la Upendo. Tunakutakia kazi njema."

"Soma tena hapo juu," alisema Evance. "Umeandika Ndugu nani?"

Loveth akasoma. "Ndugu Mama Upendo."

"Na huoni kitu?"

Alitazama kwa makini, maana hakuwa mtu wa kudharau kazi. Akaona. Alijaribu kufuta na kuandika upya, mara mbili, na kila mara mashine ilitoa jina lile lile. Mwishowe alisema jina la mhusika halina shida, la muhimu ni maudhui. Akaiweka barua kwenye bahasha ya kaki akampa Gaudiosa kwa mikono miwili.

Katika basi Evance alitazama dirishani mpaka walipofika kijiji cha Ulaya. Hatimaye alisema, "Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyeichukua nafasi."

"Alikuambia nenda, hakukuambia?"

"Aliniambia."

"Basi wewe ulimtii mkubwa wako. Usinilizie humu ndani ya basi."

Asubuhi iliyofuata Gaudiosa alifungua kibanda kama kawaida. Mwisho wa benchi, karibu na jiko, aliweka kiti cha plastiki chekundu, akakifuta, akatandika juu yake kile kipande cha kitenge. Simoni, aliyekuwa anarudi kutoka Tunduma, alitaka kukikalia kwa kuwa benchi lilijaa.

"Hicho kina mwenyewe," alisema Gaudiosa. "Miaka ishirini na minne amesimama. Acha akae."

Simoni aliomba radhi, akala chapati zake wima.

Kiti hakikukaliwa. Kila siku, ikifika saa kumi za jioni, kinakutwa kimesogezwa nyuma hatua mbili, kwa adabu, kitenge kimekunjwa vizuri juu yake. Pale kilipokuwa, kwenye vumbi, kuna alama za nyayo mbili za mtu mzima asiye na viatu, zimeelekea Kilosa. Kuzizunguka udongo ni mbichi, hata kiangazi hiki ambacho vumbi la malori limefunika mpaka majani. Wateja wanapita kando. Mudi alimwagia hapo supu kwa bahati mbaya, akasema samahani, dada, akaenda kuchota maji akapafagia.

Ile bahasha ya kaki ipo kwenye kabati la vyombo. Jumapili Evance hupanda basi kwenda kanisani Morogoro na shati lake jeupe. Ndugu Gabrieli amemshauri kwa upendo kwamba wakati wa kutoa ushuhuda azungumzie Mwokozi zaidi na foleni kidogo, naye anafuata ushauri huo. Kwenye ukurasa wa ukoo ile nafasi ipo wazi. Mara mbili amerudi Kilosa. Mara ya kwanza Nesi Sesilia alimpa maji ya kunywa, akasema maneno yale yale. Mara ya pili hakufungua mlango, na ngazini hapakuwa na pa kukanyaga kwa nyayo mbichi.

Jioni moja, wateja wameondoka na mama anakusanya makaa, Evance alisimama mbele ya nyayo zile. Alikuwa amepita hapo siku nyingi akijisemea kwamba hajui la kusema. Kumbe lilikuwa jambo dogo tu, ambalo kila mtoto wa Mikumi hufundishwa kabla hajajua kuvaa viatu.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba," alijibiwa. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, iliyochoka kidogo, na ndani yake kicheko alichokijua. "Wameshaandika?"

"Bado."

"Bado," alirudia, kama mtu anayeambiwa hivyo dirishani kila siku na hana ugomvi na mwenye dirisha.

"Kaa basi, dada. Mama amekuwekea kiti."

"Nakiona. Mwambie ahsante. Lakini wakiita nimekaa, watanipita."

Gaudiosa alisikia upande wa jiko. Aliendelea kukusanya makaa, ila mkono ulikuwa umepunguza mwendo.

Evance alivua viatu akaviweka chini ya benchi. Akaenda akasimama nyuma ya zile nyayo, mahali pake pa zamani, hatua moja, mikono ameiweka nyuma, na miguu ikaanza kulowa. Malori yalipita kwenda Iringa yakiwa yamewasha taa. Mama yao akawafunikia chapati mbili kwa sahani, akavuta kile kiti chekundu, akakaa yeye, akasubiri nao.